Vinyama vya utumbo mwembamba: maswali tunayoulizwa benchini kabla ya kamera

Mimi ni muuguzi wa chumba cha kamera ya tumbo hapa Mombasa. Maswali haya nimeyajibu miaka mingi nikiwa nimesimama, faili mkononi, mgonjwa ameketi benchini na mtu wake kando. Nimeyaandika kama yanavyoulizwa. Daktari wako ndiye aliyekupapasa tumbo, mimi sijakuona, kwa hiyo tukipingana mfuate yeye.

Nimeingizwa kamera ya juu na ya chini, zote nikaambiwa hamna kitu. Mbona damu yangu bado inashuka?

"Hamna kitu" maana yake hamna kitu pale kamera ilipofika. Ya juu hupita kooni, ikakagua tumbo, ikaishia kwenye duodeni, yaani kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba. Ya chini hupanda utumbo mpana wote, na mwendeshaji akiwa mzuri huchungulia sentimita chache za mwisho wa utumbo mwembamba. Kati ya hapo na hapo kuna mita kadhaa ambazo hakuna aliyezitazama. Utumbo mwembamba wa mtu mzima ni kama mita 6. Ni sawa na kumtafuta mtu Mombasa ukachungulia kivukoni Likoni na darajani Mtwapa, kisha ukarudi kusema hayupo, na kisiwani hukutia mguu.

Hata hivyo, usiruke hatua. Huku pwani damu hupungua kwa sababu nyingi ambazo hazihitaji kamera: safura, hedhi nzito, sikoseli, chakula duni. Choo kipimwe. Ulizwe pia kuhusu dawa za maumivu, maana kuna watu humeza diklofenaki za duka la dawa kila siku kwa ajili ya magoti, na dawa hizo hutia vidonda hadi ndani ya utumbo mwembamba. Yakishaondolewa hayo yote na damu bado inashuka, ndipo swali linakuwa: katikati kuna nini? Huenda ni kinyama. Mzee mmoja aliletwa kwetu akiwa ameshaongezwa damu mara tatu mahali pengine, na kila mara aliandikiwa vidonge vya kuongeza damu akarudi nyumbani. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna sehemu haijaangaliwa. Yeye alidhani ameangaliwa kote.

Hicho kinyama ni nini hasa? Ni saratani?

Ni uvimbe mdogo unaoota kwenye ngozi ya ndani ya utumbo na kujitokeza kwenye njia ya chakula. Kitaalamu ni polipu, benchini ni kinyama, kama vile nyama za pua. Vingine vimekaa bapa kama tandu la wali, vingine vina kikonyo.

Aina ndizo zenye kutofautisha. Adenoma ni ile ambayo ikiachwa miaka inaweza kugeuka saratani. Hamatoma ni ngozi ya kawaida ya utumbo iliyokua ovyo. Moja peke yake si tishio kubwa la saratani, lakini ikiwa kubwa huziba na kuvuja damu. Kuna uvimbe wa mafuta, kuna wa tezi za duodeni, kuna wa uchochezi tu. Kwa macho daktari hukisia, jibu hutoka maabara.

Na hili huwashangaza watu: utumbo mwembamba ndio kipande kirefu kuliko vyote kwenye njia ya chakula, lakini saratani yake ni adimu kuliko ya utumbo mpana. Kwa hiyo ukiambiwa una kinyama huko, usianze kuaga watu.

Nitajuaje kama ninacho?

Mara nyingi hutajua. Kidogo hakiumi. Kikikua, dalili ya kawaida ni damu inayopotea tone kwa tone bila wewe kuiona: unachoka, unahema ukipanda ngazi, ukifunua kope ndani ni nyeupe. Wengine hupata choo cheusi.

Hapa kuna mtego. Vidonge vya chuma navyo hufanya choo kuwa cheusi. Tofauti ni kwamba choo cha damu hung'aa, hunata kama lami, na harufu yake ukishainusa mara moja hutaisahau. Cha vidonge ni cheusi tu.

Dalili nyingine ni maumivu yanayokuja na kuondoka. Kinyama kikubwa hukokotwa na utumbo unaposukuma chakula, na utumbo ukajimeza wenyewe, kama mkono wa kanzu unapovuliwa vibaya ukabaki umeingia ndani. Mtu hujikunja kwa maumivu, anatapika, kisha utumbo ukijinyoosha anapona, wanasema ni gesi. Siku usipojinyoosha ni dharura ya upasuaji: tumbo limejaa, hatoi choo wala upepo, anatapika kijani. Hiyo si ya kusubiri asubuhi.

Mwanangu ana madoa meusi kwenye midomo tangu mdogo. Yanahusiana?

Yanaweza, na hili swali nalipenda kuliko yote, kwa sababu wanaouliza ni wachache mno. Kuna hali ya kurithi iitwayo Peutz-Jeghers, kwa majina ya Mdachi Jan Peutz aliyeieleza mwaka 1921 na Mmarekani Harold Jeghers aliyeandika juu yake mwaka 1949. Alama yake ni vidoa vya kahawia iliyokoza au vyeusi kwenye midomo, ndani ya mashavu, wakati mwingine vidoleni na kuzunguka macho. Ukimwona mtoto utadhani ametoka kula zambarau hakunawa. Mama mmoja alinieleza kuwa alikuwa akimsugua mwanawe kwa kitambaa kila siku kabla ya chuo cha Kurani, na mtoto analia. Tulipomfunua shavu kwa kijiti tukakuta vidoa ndani pia, na mama mwenyewe alipoombwa afungue kinywa akawa navyo.

Sisi watu weusi wengi wetu tuna weusi wa kawaida kwenye ufizi na midomo, kwa hiyo doa peke yake si ugonjwa. Lakini doa pamoja na maumivu ya tumbo yanayorudi, au damu kupungua, au ndugu aliyepasuliwa utumbo akiwa kijana, hapo mwambie daktari kwa maneno hayo hayo. Madoa ya midomoni hufifia mtu akikua. Ya ndani ya mashavu hubaki, ndiyo maana tunamulika tochi kinywani hata kwa mtu mzima.

Chanzo ni hitilafu kwenye jeni iitwayo STK11. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu, wa kike na wa kiume sawa. Si laana, wala si kitu alichokula mama akiwa mjamzito. Vinyama vyake hupenda utumbo mwembamba hasa, na hali yenyewe huongeza hatari ya saratani za tumbo, utumbo, kongosho, matiti na kwingineko. Miongozo ya Ulaya hutaka mtoto wa aina hii achunguzwe utumbo mwembamba kuanzia miaka 8, hata kama hana dalili, na vinyama vinavyofika milimita 15 hadi 20 vitolewe kabla havijauvuta utumbo.

Hali nyingine ya kurithi ni ile ya mamia ya vinyama kwenye utumbo mpana, inayotokana na jeni ya APC. Wenye nayo hupata vinyama kwenye duodeni pia, karibu na chuchu ndogo inayomwaga nyongo na maji ya kongosho. Wengi hudhani wakishatolewa utumbo mpana wamemaliza. Hawajamaliza, duodeni inabaki kuangaliwa maisha yote.

Nimesikia kuna kidonge chenye kamera. Kweli?

Kweli. Ni kapsuli ya milimita 26 kwa 11, karibu ukubwa wa kokwa ya tende. Ndani ina taa, kamera, betri na kirushio cha mawimbi. Unaimeza kwa maji, unavaa mkanda wenye kinasa picha kiunoni, unatembea zako. Inapiga picha mbili au zaidi kila sekunde kwa saa 8 na kuendelea, ikisukumwa na utumbo wenyewe. Zinapatikana picha elfu nyingi, na daktari hukaa kuzitazama kama sinema. Ndiyo maana majibu hayatoki siku hiyo hiyo. Kapsuli iliidhinishwa Marekani mwaka 2001. Kabla ya hapo, kuona katikati ya utumbo mara nyingi kulimaanisha kupasua tumbo.

Haiumi wala haihitaji nusu kaputi. Ganda lake ni plastiki, si gelatini, hilo huulizwa sana hapa na wanaochunga halali na haramu, na jibu ni hilo. Hutoka na choo ndani ya siku chache. Hatuitaki. Kinasa picha ndicho tunachokitaka, tafadhali kirudishe.

Na ikikwama?

Hutokea kwa karibu mtu 1 katika 100, zaidi kwa wenye utumbo uliobana: waliougua kifua kikuu cha utumbo, ugonjwa wa Crohn (uchochezi sugu wa utumbo), waliopigwa mionzi tumboni, au wala dawa za maumivu wa miaka. Kwa hao kuna kapsuli ya majaribio inayoyeyuka ikikwama, humezwa kwanza kupima njia. Usipoiona ikitoka ndani ya wiki mbili, tunapiga eksirei. Na hadi ihakikishwe imetoka, usiingie kwenye mashine ya MRI, ile ya sumaku kubwa, kwa sababu yoyote.

Kapsuli imekiona kinyama. Si kingekatwa hapo hapo?

Kapsuli ina jicho, haina mkono. Haiwezi kusimama, kurudi nyuma, kunyunyiza maji wala kukata. Tena hupita mbio kwenye duodeni na inaweza kukosa kinyama kilichojificha nyuma ya kunjo. Kazi yake ni kusema kipo, na kipo karibu na upande gani. Wengine hupimwa kwa CT au MRI ya utumbo badala yake, hasa ikishukiwa kuna mbano.

Sasa hiyo kamera inayofika katikati inaingiaje mita zote hizo?

Umewahi kutia ugwe kwenye nefe ya suruali? Unafunga pini mbele, unasukuma kidogo, unashika kitambaa, unakivuta nyuma kikunjamane, unasukuma tena. Mwisho nefe yote imekunjamana juu ya ugwe mfupi. Hivyo hivyo.

Kamera yenyewe ina urefu wa sentimita 200 tu. Imevishwa mrija wa nje kama ala, na ncha za vyote viwili zina puto laini. Puto la kamera hujazwa, likashika ukuta wa utumbo. Ala inasogezwa mbele, puto lake likajazwa. Kisha vyote vinavutwa nyuma taratibu na utumbo unajikunja juu ya ala. Halafu kamera inatangulia tena. Daktari wa Japani, Hironori Yamamoto, ndiye aliyechapisha njia hii mwaka 2001. Baadaye ikaja ya puto moja.

Hupitishwa mdomoni au njia ya haja kubwa, kutegemea kinyama kiko wapi. Ikihitajika kuona utumbo wote, huingia kwa juu siku moja, wanapoishia wanadunga wino ukutani kama alama, siku nyingine wanaingia kwa chini hadi waukute wino. Huchukua saa moja, mbili, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo si ile kamera ya dakika kumi unayopuliziwa dawa kooni. Utalazwa usingizi mzito.

Kama kinyama kiko kwenye duodeni, yote haya hutayahitaji. Kamera ya kawaida ya juu inatosha, au ile yenye jicho la pembeni ikiwa kinyama kiko karibu na chuchu ya nyongo.

Kinakatwaje bila kisu?

Kwanza sindano nyembamba hupitishwa ndani ya kamera, ikadunga maji ya chumvi yaliyotiwa rangi ya buluu chini ya kinyama. Kinyama huinuka kama andazi linalofura kwenye mafuta, kikaachana na misuli ya utumbo. Hapo ndipo uhodari ulipo, kwa sababu ukuta wa utumbo mwembamba ni mwembamba kweli, milimita chache tu. Kitanzi cha waya hutupwa juu yake, kikakazwa, kikakata, kwa umeme au bila umeme. Kidonda hufungwa kwa klipu ndogo za chuma ambazo hudondoka zenyewe baadaye. Vile vyenye kikonyo kinene, wapo madaktari ambao hawakati kabisa. Wanabana kikonyo kwa klipu, damu haifiki, kinyama kinakufa na kudondoka.

Kilichokatwa huvutwa kwa wavu mdogo hadi nje. Unakiona kwenye sahani, chekundu, kinateleza, ukubwa wa kunazi. Mzee mmoja aliomba apewe akakizike, na nilimwelewa. Lakini lazima kiingie kwenye chupa ya dawa kiende maabara.

Hatari zake?

Kuvuja damu, papo hapo au hata wiki mbili baadaye. Kutoboka utumbo: kwa kuangalia tu ni chini ya mtu 1 katika 100, vinyama vikubwa vikikatwa huongezeka. Kongosho kuvimba, hasa kamera ikipitia mdomoni, kama watu 3 katika 1,000. Duodeni huvuja damu kuliko kwingine, ndiyo sababu wenye kinyama kikubwa hapo hulazwa usiku mmoja. Na kuna vinyama ambavyo kwa kweli ni vya mpasuaji: vikubwa mno, au vyenye dalili ya kugeuka. Daktari akikwambia hiki sikigusi, hajashindwa kazi.

Nijiandae vipi?

Kwa njia ya mdomo, mara nyingi ni kufunga kula usiku kucha. Kwa njia ya chini utakunywa unga wa kusafisha tumbo uliokorogwa lita kadhaa. Una chumvichumvi, hakuna wa kukudanganya. Uweke baridi, unywe polepole, kaa karibu na choo. Unaruhusiwa maji, strungi, supu iliyochujwa. Vimto na juisi yoyote nyekundu, hapana, kwenye kamera zinafanana na damu.

Vidonge vya chuma viache wiki moja kabla, huupaka utumbo weusi. Dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini na klopidogreli, usiziache kwa uamuzi wako hata siku moja. Kuna watu wana vyuma kwenye mishipa ya moyo; daktari wa moyo na wa tumbo wazungumze kwanza. Mwenye sukari aulize afanye nini na insulini siku ya kufunga.

Miraa na muguka, acha. Huuchangamsha moyo na presha, na mtoa nusu kaputi anahitaji moyo uliotulia. Usifiche. Tunaona kwenye mashavu na meno.

Bibi harusi na shangazi zake: piko vidoleni inaweza kukipotosha kipimo cha oksijeni kinachobana kidole. Tutabana sikio, lakini tuambie mapema. Na ukitaka muuguzi wa kike chumbani, sema siku ya kuandikishwa, si mlangoni.

Na Ramadhani?

Kama si dharura, subiri mwezi uishe. Kunywa lita za unga wa kusafisha kisha kufunga mchana wake kunakausha mwili. Kama damu inatoka, hakuna kusubiri. Kuhusu hukumu ya swaumu muulize sheikh wako. Mgonjwa ana ruhusa yake na siku za kulipa zipo.

Hufanywa hapa Mombasa au niende Nairobi?

Kamera ya juu na ya chini Mombasa si adimu. Ya kapsuli na ya puto ndizo za kuuliza kwanza kwa simu: mashine ipo, inafanya kazi, na daktari aliyeizoea yupo? Mashine bila mtu ni pambo. Wengi huelekezwa Nairobi. Bei iulize kwa maandishi, pamoja na ya nusu kaputi, klipu na maabara, maana hizo ndizo hujitokeza kwenye bili baadaye. Kwa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, au bima ya binafsi, pata idhini kabla hujapanda treni Miritini.

Baada ya kutolewa nifanye nini?

Siku hiyo huendeshi gari, hupandi bodaboda, husaini karatasi za shamba. Njoo na mtu mzima wa kukurudisha. Tumbo litajaa upepo, utapungua. Kula uji, supu, wali laini siku mbili tatu. Pilipili na achari ziache zikungoje. Wiki mbili usinyanyue magunia wala usisafiri mahali pasipo hospitali. Wa ng'ambo ya Likoni, panga mapema utakwenda wapi usiku ukivuja damu na foleni ya feri ni ndefu.

Rudi mbio ukiona choo cha damu au cheusi kinachonata, tumbo gumu kama ubao, homa, au maumivu makali yanayopenya hadi mgongoni.

Nirudi lini tena?

Jibu la maabara ndilo huamua. Adenoma ya duodeni huangaliwa tena ndani ya miezi. Wenye Peutz-Jeghers, kila mwaka 1 hadi 3 kulingana na walivyokutwa. Kinyama kimoja cha uchochezi pengine hakitakurudisha kabisa.

Siku ya kuchukua ripoti usiikunje ukaitia mkobani. Isome hapo hapo dirishani, utafute panapoandikwa kamera ilifika wapi, na kama ilifika kote au sehemu. Pasipoandikwa, irudishe iandikwe. Kisha piga nakala mbili.